Pampu ya Pikapu ya Baba

Enzi zetu sisi watoto wa milimani Ilemela, gari liliegeshwa pua ikitazama chini. Baba alikuwa na pikapu ya dizeli ambayo betri yake ilifanya kazi siku inapojisikia, kwa hiyo kila jioni aliisimamisha juu ya mteremko mbele ya nyumba na kukingia jiwe kwenye tairi. Kulitoa jiwe hilo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa tayari kuacha mchezo wa kombolela katikati, mfuko wa gauni umejaa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nikimbilie kazi yangu kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Jiwe likitoka, pikapu inaanza kuteremka taratibu, baba anaachia klachi, inashtuka, inanguruma, nasi tunaikimbilia na kurukia nyuma. Watoto wa siku hizi wanabonyeza kitufe gari linawaka, halafu wananuna kwa sababu redio imechelewa kushika simu zao.

Dizeli ya wakati ule ilikuja na maji yake na tope lake, kwa hiyo kubadilisha filta ilikuwa shughuli ya nyumbani kama kupeta mchele. Baba alitandika gunia, akaizungushia filta kuukuu mkanda wake wa suruali na kuivuta mpaka ikalegea, akaimimina kwenye chupa ya jamu. Chupa ilikaa dirishani hadi maji yashuke chini na dizeli ielee juu, nasi tukibishana nani amekisia sawa. Kwa jirani walikuwa wameanika dagaa. Mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana, kwangu mimi ni Jumamosi.

Filta mpya ikishakazwa, ilibaki kazi moja: kutoa upepo ulioingia kwenye mipira ya dizeli. Juu ya filta kulikuwa na pampu ndogo ya kubonyeza kwa kiganja, inayovuta dizeli kutoka kwenye tanki. Mwanzoni inabonyea laini, haina kitu ndani. Unabonyeza, unabonyeza, mpaka inakuwa ngumu na kukataa. Krismasi moja baba alikuwa na haraka ya kutupeleka kwa bibi Magu, akairuka hatua hiyo. "Mteremko utaiwasha," alisema, shati lake jeupe limenyooka. Nikatoa jiwe. Pikapu ikateremka kimya kimya, sisi nyuma tukishangilia na nguo zetu za sikukuu, ikapita nyumba zote, ikaenda kusimama barabara kuu bila hata kukohoa. Baba alipampu pale pale huku waumini wakipita kwenda kanisani, kila mmoja akimtakia heri ya Krismasi, naye akiitikia bila kuinua kichwa. Alipochoka tulipokezana sisi watoto. Tulifika Magu wali umeshapoa na shati limekuwa kitambaa cha gereji. Tangu hapo nyumbani kwetu kulikuwa na amri moja: "Pampu haijawa ngumu, ufunguo usiguswe."

Baba alifariki mwaka jana, na pikapu ikabaki pale juu ya mteremko, jiwe kwenye tairi. Kaka yangu Masanja akatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilikataa, tukavutana mpaka mama akachoka kutusikiliza. "Likiwaka, linabaki," alisema. "Lisipowaka, lichukueni. Sitaki kulitazama limekaa hivyo kama linamngoja mtu."

Basi Jumamosi hiyo nilitoka kwangu Buswelu asubuhi, filta mpya kwenye mkoba, nimeamua. Nilimwaga mafuta ya zamani yaliyokuwa kwenye tanki, nikatia mapya. Masanja aliniazima betri ya gari lake, shingo upande. Nilitandika gunia, nikatumia mkanda wa baba, nikamimina filta kuukuu kwenye chupa: maji nusu nzima, na tope. Filta mpya niliijaza dizeli safi, nikapaka mpira wake mafuta, nikaikaza kwa mkono. Watoto wa Masanja walinirekodi kwa simu wakiuliza kama hakuna programu ya kufanya hivyo. Nikaanza kupampu.

Ilikuwa laini. Mnunuzi alishafika na lori lake, akakaa juu ya jiwe kubwa kungoja. Nilipampu mpaka kiganja kikawa chekundu, bado laini.

"Kabula, utaumia bure," Masanja akasema. "Tutoe jiwe, mteremko utaiwasha."

Niliinua kichwa nikamtazama. Nilimwona anasikia alichokisema, kwa sauti ya nani, na akaona aibu kidogo. Kwa kweli nilitaka kulia, lakini mtu hawezi kulia na kupampu kwa pamoja, nikachagua kupampu.

"Nipishe," akasema. Akakunja mikono ya shati. Tukapokezana, yeye akichoka mimi, mimi nikichoka yeye, kama pale barabarani Krismasi ile. Ghafla akasimama. "Imekuwa ngumu," akasema. Niliibonyeza mwenyewe kuhakikisha. Ilikataa.

Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikazima. Mnunuzi akasimama na kujipangusa suruali. Nikazungusha tena, na uwanja wote ukajaa moshi mweupe na ngurumo ile ile. Masanja alipiga bodi kwa kiganja akicheka kama mtoto.

Enzi zetu pikapu ile ikiwaka mlima mzima ulijua. Akina mama walitoka na vikapu kuomba kusogezwa sokoni, watoto wasio wa kwetu walirukia nyuma, na baba hakumshusha mtu. Siku hiyo mageti yalibaki yamefungwa, kila mtu ndani na lake. Mimi shangazi yao nilitazamwa na watoto wa Masanja peke yao, tena kupitia kioo cha simu. Nilisikia upweke, nikamkumbuka baba vibaya sana.

Ndipo mama akatoka ndani amejifunga kitenge cha kutokea, kikapu mkononi. Alizunguka mbele, nami nikakaza breki. Akainama, akalitoa jiwe mwenyewe, akalibeba kifuani mpaka nyuma na kulipakia. Kisha akapanda, akaketi mahali pake pa siku zote.

"Twende sokoni Mkuyuni," akasema. "Jiwe nimeshalipakia."