Kazi Ambayo Sikuiuliza

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, padri wa parokia yetu Likasi alinitafutia nafasi katika shule ya ufundi, bila karo. Sharti lilikuwa moja: kabla ya masomo kuanza nichague sehemu, umeme, mabomba au uchomeleaji. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimeacha sekondari katikati. Nafasi ya pili nisingeipata. Sikutaka kubahatisha, kwa hiyo nilichukua daftari na kuanza kuwauliza watu kazi zao zinawalipa nini.

Kusema kweli, nilitaka pia kumshinda jirani yetu. Tulilingana umri, na nyumba zetu zilitazamana. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya shaba; wangu alikuwa fundi wa kushona barazani kwetu. Kila Desemba kampuni iliwagawia watoto wa wafanyakazi zawadi, nami nilishika waya wa uzio na kuangalia. Mwaka mmoja jirani alitoka na lori la bati lenye milango inayofunguka. Aliniachia nilisukume, mara moja tu, akaomba nimrudishie. Nilimrudishia, lakini ule wivu nilibaki nao.

Mtu wa kwanza niliyemuuliza alikuwa mwalimu wangu wa zamani. Alikuwa anapalilia mahindi nyuma ya nyumba yake, saa ambazo zamani angekuwa darasani.

“Mushahara?” alisema. “Ya mwezi gani? Uliza kwanza kama imefika.”

Muuguzi alinitajia kiasi, lakini nilipopita tena baada ya wiki mbili kiasi kilekile hakikutosha kununua sabuni. Niliona kwamba kuandika fedha ni kujisumbua bure, nikaamua kupima kazi kwa unga. Kampuni ilikuwa bado inatoa posho ya unga kila mwisho wa mwezi, ingawa kwa kuchelewa, na waliopokea walitoka kwa mlango mmoja wa kantini. Nilisimama ng'ambo ya barabara siku nzima ya posho, miezi miwili mfululizo. Kila aliyetoka nilihesabu mifuko yake, kisha nikamfuata kwa heshima na kumuuliza: “Papa, unafanya kazi gani mule ndani?”

Fundi umeme alitoka na nusu mfuko begani. Mchomeleaji alikuwa na mmoja. Fundi mabomba wa kwanza alifunga mitatu juu ya baiskeli na kuisukuma huku akitembea, maana pa kukaa hapakubaki. Wa pili alikuwa na miwili na nusu. Mwezi uliofuata matokeo yalikuwa yaleyale. Nilikwenda kwa padri, nikaandikishwa mabomba.

Siku chache baadaye jirani alinikuta barazani na daftari langu. Nilimwonyesha. Nilitaka aone kwamba safari hii nimemtangulia.

Alisoma taratibu, kisha akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

“Mon vieux, rafiki yangu! Ile hapana cheo. Ile ni batoto! Posho banagawa kufuata midomo. Ule papa wa mabomba iko na batoto tisa!”

“Na wa umeme?”

“Ameoa mwaka huu. Iko na bibi tu.”

Kila mtoto wa kampuni alilijua jambo hilo tangu anatambaa. Mimi, mtoto wa fundi nguo, sikuwa na pa kulijulia. Nilirudi kwa padri mbio ili nibadilishe, lakini nafasi za umeme na uchomeleaji zilikuwa zimejaa. Jirani bado alikuwa na daftari mkononi niliporudi.

“Na mushonaji?” aliuliza. “Sioni hapa.”

“Mshonaji hana mshahara.”

“Ah bon, kumbe,” alisema, akanirudishia daftari.

Nilianza mabomba. Darasani tulikata na kuunganisha vipande vilevile vya bomba, kwa sababu vipya havikuja. Mjini mabomba yalikuwa makavu, na watu walikuwa wanachota maji visimani. Katika miezi hiyo posho ilipungua, kisha ikakoma. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta jirani amekaa kwenye cherehani ya baba, mguu kwenye kanyagio, anageuza kola ya shati lililochakaa. Wateja wanne walikuwa wanangoja. Hakuna aliyeleta kitambaa kipya. Walileta makoti ya kupunguzwa yawafae watoto na suruali za kutiwa viraka, na malipo yao yalikuwa bakuli la unga au samaki wawili wa mto Lufira.

“Unafanya nini hapa?” nilimuuliza.

“Papa yako iko nanifundisha.”

“Usimusumbue,” baba alisema bila kuinua macho. “Kola ikipinda, muntu hatarudi kwetu.”

Alisema “kwetu”, na jirani ndani yake. Nilishikwa na wivu mbaya kuliko ule wa uzio, kwa sababu safari hii kitu kilikuwa changu na nilikuwa nimekipita kila asubuhi bila kukiangalia. Niliwangoja wateja waondoke.

“Papa, kwa nini hukuniambia kazi inaingia hivi?”

“Uliuliza bantu bote ba Likasi,” alisema. “Miye haukuniuliza.”

Nikamwambia basi, sasa naomba. Nitaacha mabomba, nikae mimi kwenye cherehani. Jirani alisimamisha mguu, akamtazama baba. Jirani naye alikuwa na hofu. Kwao walikuwa watu wanane na hapakuwa na posho tena.

Baba alikata uzi kwa meno.

“Mashini ni moja,” alisema. “Yeye amefika mbele. Weye ingia nyuma yake, akufundishe vifungo.”

Jirani alisogeza kigoda karibu yake, akanipa shati na sindano. Niliacha mabomba, na kwa mwaka mzima nilishona vifungo, na kila jioni aliuvuta uzi wangu kuona kama umekaza. Mara nyingi haukuwa umekaza. Alifumua, akanirudishia.