Hadithi Niliyomwandikia Mzee Zakaria

Nina siku moja isiyonitoka moyoni, mwanangu, ingawa sasa nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa mwalimu kijana kule Kumsenga, na nilijiona mwandishi. Nilijaza madaftari kwa hadithi za mapenzi, na wapenzi wote niliowaandika walikuwa na miaka ishirini na kitu. Niseme ukweli, sikujua kwamba mtu wa miaka hamsini ana mapenzi ya kuandikwa.

Niliishi na mama yangu, mjane aliyeuza maharage sokoni Kibondo. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja Mzee Zakaria, fundi baiskeli aliyefiwa na mkewe. Alipiga hodi, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akaketi kwenye kigoda. Walichambua maharage pamoja wakizungumza kidogo sana. Siku hizo mama alianza kufunga kitambaa kipya kichwani. Mimi niliona ni kichekesho.

Basi nikaandika. Babu mwenye kikohozi anamtongoza bibi juu ya gunia la maharage. Majina nilibadilisha, lakini kila mtu aliwajua. Nikaisoma kwenye sherehe ya kwaya, watu wakacheka hadi kushika mbavu. Mama naye alicheka, kiganja mdomoni. Nilidhani amefurahi.

Jumapili iliyofuata Zakaria alipopiga hodi, mama hakufungua.

"Rudi kwako, Zakaria," alisema akiwa ndani. "Wanatucheka."

"Waache wacheke, Mama Adela."

"Adela mwenyewe, mwanangu, ndiye anayecheka."

Nikamsikia Zakaria akiikokota baiskeli yake. Alihamia Kasulu, na baadaye tukaambiwa amevuka mpaka kurudi kwao Burundi. Sikumwomba mama radhi. Kila nilipotaka kusema, nilijipa kazi nyingine.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, peke yake. Alipolazwa mara ya mwisho, nikiwa namlisha uji, alinitazama akasema, "Ulimwandika vizuri yule mzee. Hata kikohozi chake ulikipata. Ila hukuandika kwamba wiki nzima nilikuwa naisubiri Jumapili."

Nikachota uji mwingine. Alifariki siku ya tatu.

Ndiyo maana nimekurudishia daftari lako, mwanangu. Huyo mama wa miaka hamsini na mbili uliyemweka ukurasa wa tatu, anayejipaka mafuta ili wasomaji wacheke, mwandike upya. Jiulize anajipaka kwa ajili ya nani, na ni nani anayemtia hofu. Mara nyingi ni watoto wake mwenyewe. Mpe magoti yanayouma, mpe pia moyo unaokwenda mbio, maana mtu mmoja hubeba vyote viwili. Usimfanye mtakatifu, wala usimwonee huruma. Na kama umemchukua kutoka nyumba ya jirani, nenda kwanza ukakae naye, umsikilize. Tangu wakati ule nimeandika wapenzi wazee wengi, na watu wananisifu. Hakuna hata mmoja kati ya wapenzi hao aliyenirudishia Zakaria.

Nenda, mwanangu. Mungu aipe kalamu yako utu kabla ya kuipa sifa. Na utakapozeeka, akupe wa kukupenda, na watoto wasiokuonea aibu.