Mkanda Nilioushona Mwenyewe

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wetu mafundi ni kuamini kwamba hakuna kilichochanika kisichoshoneka. Hapo La Rochelle, mtaa wa wahamiaji kusini ya mji, kwenye chumba chetu cha kupanga, nimeshona mabegi ya safari, hema la kanisa, hata kiti cha gari cha jirani Mrundi. Kwa hiyo mwaka 2017, mume wangu alipoingia na mkanda wa kupandia miti chini ya kwapa, sikushtuka. Nilimwuliza tu umechanika wapi.

Alikuwa amechoka kulinda geti. Miaka minne alikaa kwenye kibanda cha walinzi huko Midrand akiwafungulia matajiri lango, na kila mara aliwaona wakata miti wakining'inia kwenye mijakaranda na misumeno yao. Akawazoea, akawasaidia kuburuta matawi, hadi msimamizi wao akamwambia nafasi ya mpandaji ipo, ila kila mpandaji huja na mkanda wake na kamba yake. Siku hiyo alirudi nyumbani anacheka peke yake kama mtu aliyeposa akakubaliwa.

Mkanda aliupata Jeppestown, kwa Mkongo mwenzetu aliyekuwa anaiacha kazi hiyo. Unavaliwa kiunoni na mapajani, kamba inafungwa mbele, na ukiwa juu ya mti uzito wako wote umekaa humo. Kwenye paja la kushoto utepe ulikuwa umelika hadi katikati.

"Mama watoto, kwako hii ni kazi ya dakika kumi," aliniambia.

Kichwa kikavimba. Nikatoa uzi wa kushonea jinzi, nikapiga mistari mitano ya kwenda na kurudi. Ulitoka safi mno, nikampelekea jirani auone.

Jumatatu alirudi saa nne asubuhi. Msimamizi alikuwa ameukagua mkanda kabla hajamruhusu kugusa mti, akaona uzi mpya, akauliza nani ameshona. Mume wangu, maskini, akajibu kwa majivuno kwamba ni mke wake, na fundi kama mimi hayupo kusini yote ya mji. Yule bwana akachukua mkasi wa matawi, akaukata mkanda vipande viwili palepale. Akampa hadi Ijumaa alete mwingine, la sivyo nafasi inakwenda kwa mtu mwingine.

Nilikasirika, eish, hadi wali ukaungua. Mshono wangu kukatwa mbele ya watu, na mtu ambaye hata kifungo hawezi kukishikiza. Nilitaka kumfuata Midrand nikamwambie. Mume wangu alisema twende, lakini tunakwenda dukani, na ulimi niuache nyumbani.

Kwenye duka la vifaa vya kupandia, muuzaji alikuwa Mkenya mrefu, mtu wa subira. Habari ya kamba waliimaliza haraka. Alimwekea tatu mkononi, akamwambia achague ile ambayo kiganja kinaishika bila kuikamua, na aachane na zile za wapanda milima kwa sababu zinavutika. Kwenye mikanda mume wangu alipenda mwekundu, wenye ndoano kila mahali. Mimi nilikuwa nageuza mishono nikitafuta kasoro, na nakiri niliitafuta kwa bidii. Sikuiona.

"Niliushona uliochanika, wakaukata," nikamwambia muuzaji. "Mshono wangu ulikuwa na ubaya gani?"

"Mshono haukuwa na ubaya, mama. Utepe ndio ulikuwa umekufa. Na sindano ikipita hapo inakata hata nyuzi zilizobaki."

Hilo nalijua. Ndilo ninalowaambia wateja wanaoniletea hariri iliyochakaa. Nikaurudisha rafuni mkanda niliokuwa naugeuza, na mume wangu akageuka kunitazama, maana kukubali upesi si kawaida yangu.

Muuzaji akasema mkanda hauchaguliwi umesimama, akamvalisha mume wangu ule mwekundu na kumning'iniza kwenye boriti ya duka. Baada ya muda nikaona uso anaouvaa akila chakula cha dada yangu.

"Unabana wapi?"

"Haubani."

"Baba watoto."

"Unabana," akasema.

Wa pili ulikuwa wa kijivu, mpana mapajani. Humo alitulia, akakunja magoti, akaagiza chai. Dakika kumi zikapita, akasema ni huu. Mimi nilishindwa kusema ndiyo.

"Nauvaa mimi kwanza," nikasema. "Ukinibeba mimi, wewe ni unyoya."

Muuzaji akaitazama sketi yangu ya kitenge. Nikaenda nyuma ya rafu kuvaa suruali ya kazi ya mume wangu iliyokuwa kwenye begi lake, ambayo haikufungika, nikarudi. Wakalegeza tepe za mkanda, wakavuta kamba.

Miguu ilipoachana na sakafu niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikuwa juu kiasi cha ndoo tu, lakini mikono ilitafuta pa kushika na hapakuwepo. Palikuwa na mapaja yangu ndani ya ule utepe, basi. Nikaiona mistari yangu mitano ya uzi wa jinzi kwenye paja lake, yeye akiwa juu ya mjakaranda, na watoto wetu wawili wako shule. Machozi yakanitoka huku nacheka, kwa sababu nilikuwa nazunguka polepole kama nyama buchani na duka zima linanitazama.

"Tukushushe?" mume wangu akauliza.

"Ningekuua, baba watoto."

"Mimi ndiye niliyekuletea ushone," akasema. Akanishika kisigino nisizunguke tena, akamwambia muuzaji tunachukua huu wa kijivu, ila amshushie mke wake kwanza.