Jani la Isale Ndani ya Kreti

Kila mwaka bajeti inaposomwa, redio ya fundi pikipiki aliye jirani yangu mtaani Sakina hutangaza kwamba mauzo yetu ya nje yamepanda, au yameshuka kidogo, na kwamba serikali itaendelea kuwasaidia wanaozalisha kwa ajili ya soko la nje. Fundi huinua kichwa, mikono imejaa grisi, na kuniuliza swali lile lile.

"Dada, hayo mauzo ya nje ni ya akina nani? Mimi sijawahi kuuza nje hata spoku moja."

Zamani nilikuwa namjibu kwa maneno ya semina, na nilimwona anavyorudi taratibu kwenye mnyororo wake. Siku hizi namsimulia habari ya akina mama fulani wa Meru na kreti zao. Anaisikiliza mpaka mwisho, ingawa anaijua.

Mimi ni mkaguzi wa afya ya mimea. Ni kazi isiyojulikana sana, lakini haina ugumu kuieleza. Tunda, ua au mbegu inayotoka nchini inasindikizwa na cheti kinachosema kwamba mzigo hauna wadudu wala magonjwa. Mimi ndiye ninayeufungua, ninayeutazama, na nikiridhika ndiye ninayeidhinisha. Bila cheti hicho lori halivuki mpaka. Wengi wakisikia biashara ya nje wanawaza meli na ndege. Mimi nawaza mtu aliyeinama na kioo cha kukuzia, akichungulia kikonyo cha parachichi.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha akina mama kama ishirini, upande wa mashariki wa Mlima Meru, juu ya barabara inayokwenda Momela. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, mwembamba, anayetembea kana kwamba kuna kitu kimeachwa jikoni kinaungua. Yeye ndiye aliyeanza kung'oa kahawa. Mume wake alipofariki alimwachia mibuni ya tangu enzi za baba yake, mizee, haizai tena kama zamani. Akaing'oa nusu na kupanda miche ya parachichi iliyogawiwa na halmashauri kwa bei nafuu, yale maparachichi madogo yenye ngozi ngumu ya vipele, yanayogeuka meusi yakiiva. Wenzake walimcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili wakaanza kuja mmoja mmoja kuuliza miche inapatikana wapi. Kwa hiyo aliponiambia siku moja, "Mwanangu, hawa wote wameng'oa kahawa kwa kunitazama mimi," nilielewa alichobeba.

Nilikwenda kwao mara nyingi kufundisha. Hiyo nayo ni sehemu ya msaada unaotajwa kwenye redio, ingawa ukiusikia huwezi kudhani una sura ya mwanamke aliyevaa buti za mvua, ubao umeegemezwa kwenye mgomba. Niliwaeleza kwamba parachichi haliivi mtini, linaiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo macho hayatoshi kujua kama limekomaa. Tunakata vipande, tunavikausha, tunaona maji yametoka kiasi gani. Niliwaonyesha kukata kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi. Halmashauri iliwasaidia kujenga chumba cha baridi na banda la kufungashia. Nikawaambia pia vitu visivyotakiwa kuonekana ndani ya kreti: udongo, nyasi, na majani makavu ya migomba. Hayo ya migomba niliyasema mara tatu, maana huko kila kinachopelekwa sokoni hutandikiwa majani hayo kisichubuke.

Pale nyuma, kwenye kigoda chake, alikaa bibi mmoja, mama mkwe wa mwenyekiti. Kila somo alihudhuria, na kila somo alionekana kusinzia.

Mnunuzi mmoja wa nje ya nchi alikubali kuchukua mzigo wao mmoja wa majaribio. Ukipita, wanaingia kwenye orodha yake ya msimu. Ukikwama, lori linakwenda kujazwa kwingine, na maparachichi yale yaliyotunzwa kama mayai yataishia kumwagwa chini kwenye soko la jirani.

Nilifika saa mbili asubuhi. Lori la baridi lilikuwa limeshapaki, dereva amekaa kwenye ngazi yake anakunywa chai waliyompa. Akina mama walikuwa wamevaa makoti meupe na kofia za kufunika nywele, wamejipanga kama kwaya inayosubiri kuingia kanisani.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kunywa chai kwanza."

"Nitakunywa nikimaliza."

"Akimaliza!" dereva akadakia. "Mchaga huyo, mama. Kwake kazi kwanza, chai baadaye, na baada ya chai anafungua duka."

Wakacheka. Mimi ni wa Kilimanjaro kweli, na utani huo nimeuzoea.

Kreti zilikuwa mia mbili na kitu, zimepangwa vizuri, kila moja na namba ya mkulima wake. Nilichagua chache bila mpango, moja ya chini, nyingine ya katikati, nyingine ya pembeni kabisa. Ya kwanza niliifungua nikafurahi. Matunda yalikuwa safi, yamelingana, vikonyo vifupi kama nilivyofundisha. Nikainua safu ya juu nione ya chini.

Katikati ya matunda kulikuwa na jani refu la kijani, limelazwa kwa utaratibu.

Nilifungua ya pili. Jani. Ya tatu. Jani. Sikuhitaji kuuliza ni jani gani. Lilikuwa isale.

Kwa msomaji asiyetoka milimani kwetu: isale ni mmea unaopandwa mipakani mwa mashamba, kwa Wachaga na kwa Wameru pia. Mtu akikukosea akaja na jani la isale mkononi, ameomba amani, na hupaswi kulikataa. Nikiwa mtoto nilimwona baba yangu, mtu mkali sana, akilipokea kutoka kwa jirani waliyekuwa hawasemezani naye tangu mbuzi wake walipokula mahindi yetu. Alilipokea, akasogea pembeni kwenye benchi ili mwenzake akae.

Nililigeuza lile jani chini ya kioo. Karibu na kitako chake, kwenye mkunjo, kulikuwa na vidudu vyeupe vidogo vilivyojipaka kitu kama unga. Vilikuwa hai.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "haya majani yamewekwa na nani?"

Alisogea, akatazama, akashika mdomo. Hakuwa akijua. Wote walianza kutazamana, na macho yao yakaenda kuishia sehemu moja, kwenye kigoda.

"Mimi," bibi akasema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Niliamka alfajiri, nikatia kila kreti lake."

"Mama, jamani!" mwenyekiti akalalamika. "Kwa nini?"

"Nilikuuliza hao watu unaowapelekea unawajua. Ukasema huwajui. Sasa unampelekea mtu usiyemjua chakula, hujamsalimia, hujui kama mababu zenu waligombana, huweki hata isale? Ataanzaje kula?"

Dereva akacheka mpaka chai ikammwagikia. "Bibi, Mzungu akilikuta hilo atalitia kwenye saladi!"

"Wewe endesha gari," bibi akamwambia.

"Bibi," nikasema, "nilifundisha kwamba majani hayatakiwi ndani ya kreti."

"Ulisema majani makavu." Akaninyooshea kidole. "Makavu, ya mgomba. Mara tatu ulisema. Hili ni bichi, tena si la mgomba."

Alikuwa sahihi. Aliyesinzia alikuwa amesikia kila neno. Mimi niliyekua nikiyaona masale kwenye mpaka wa shamba letu ndiye nisiyekumbuka kuyataja.

Nilieleza kwa upole kadiri nilivyoweza. Matunda hayana tatizo, nikasema, lakini jani ni mmea mwingine ambao haumo kwenye cheti, na lina wadudu. Wakigunduliwa huko mzigo unakofika, watu wa huko hawatasema ni kreti za akina mama wa Meru. Kile cheti juu kabisa kina jina la nchi. Watasema ni mzigo wa Tanzania. Anayelima maua kule chini tambarare atakaguliwa mara mbili. Mwenye maharage machanga atacheleweshwa mpaka yanyauke. Jina la kuuzia ni moja, tunalitumia wote.

Mwenyekiti alikuwa ameshaelewa kabla sijamaliza. Alivua kofia ile ya kufunika nywele, akaishika kwa mikono yote miwili. "Kwa hiyo mzigo hauendi," akasema. Hakuuliza. Nyuma yake walisimama wenzake, na nilijua kila mmoja anaiona mibuni yake iliyong'olewa.

Hapo bibi akainuka. Akaja taratibu mpaka nilipo, akachukua isale moja kutoka kwenye kreti iliyo wazi, akaninyooshea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko.

Dereva akaweka kikombe chini.

Siwezi kuidhinisha mzigo wenye wadudu. Isale nayo siwezi kuikataa, sikulelewa hivyo. Nikavua glavu. Nikalipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, bibi," nikasema. "Wewe. Kreti bado."

"Na kreti zinataka nini?"

"Zinataka zifunguliwe zote. Kila jani litoke, kila tunda liangaliwe na kufutwa, kreti zisafishwe upya. Halafu nianze ukaguzi tangu mwanzo, kana kwamba sijafika."

"Lini?" mwenyekiti akauliza.

Utaratibu wa kawaida ni niondoke, waniombe siku nyingine. Nilikuwa na mzigo mwingine wa kukagua adhuhuri. Nilitoka nje nikampigia mwenzangu wa ofisini, nikamwomba anishikie huo wa adhuhuri. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nimepewa isale. Mwenzangu huyo ni wa kwetu, hakuuliza tena.

"Leo," nikarudi kuwaambia. "Nipo mpaka mtakapomaliza."

Dereva alikuwa ametakiwa kuondoka saa nane mchana. Akatazama saa, akatazama akina mama, akasema, "Mimi nikiulizwa nitasema gurudumu lilikuwa linanisumbua."

"Usiseme uongo," bibi akamwambia. "Sema ulikuwa unakula."

Basi kreti zikafunguliwa. Nimeona kazi nyingi za kufungasha, kwenye mashamba makubwa yenye mashine, lakini sijaona mikono ikienda kama siku ile. Meza moja ilitoa majani, nyingine ikafuta matunda, nyingine ikakagua chini ya vikonyo. Mimi sikugusa, maana mkaguzi hapaswi kufungasha anachokagua, lakini nilizunguka nikiwaonyesha pa kutazama. Mmoja akaanza wimbo wa kanisani, wengine wakaitikia. Majani hayakutupwa. Hakuna aliyethubutu. Yote alikabidhiwa bibi, akayafunga kwenye kanga yake moja na kwenda nayo mbali na banda, mpaka ng'ambo ya mfereji. Kreti tano ambazo wadudu walikuwa wamehamia kwenye vikonyo tuliziweka kando. Zisingesafiri popote.

Ilipofika saa saba na nusu nilivaa glavu mpya, nikaanza. Nilichagua kreti nyingi kuliko asubuhi, tena za sehemu ngumu. Mwenyekiti alisimama hatua mbili nyuma yangu na nilisikia anavyopumua. Ya kwanza, safi. Ya sita, safi. Ya mwisho niliikagua mara mbili, si kwa shaka, ila nilitaka aone kwamba sikumpendelea.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "naomba ile chai."

Alichelewa kuelewa. Kisha akakaa chini pale pale sakafuni, na koti lake jeupe, akacheka na kulia kwa pamoja, na wenzake wakapiga vigelegele vilivyowashtua kuku wa jirani.

Lori liliondoka saa tisa na dakika chache. Bibi alisimama barabarani na isale moja aliyoibakiza, akaipunga mpaka gari lilipopotea kwenye kona. Hilo halimo kwenye kreti, akaniambia, kwa hiyo halinihusu. Nikakubali. Tulikula loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, pamoja na maparachichi ya zile kreti tano, yaliyokuwa yamechumwa siku chache nyuma na machache yake yameanza kulainika. Dereva wa watu, kwa bahati mbaya, aliyakosa.

Mzigo ulifika salama, na kikundi kiliingia kwenye orodha. Mwenyekiti alinipigia kunieleza, akazungumza haraka sana nikalazimika kumwomba arudie, naye akafurahi kurudia.

Nilipokwenda msimu uliofuata nilikuta kitu kipya. Kushoto na kulia kwa lango la kutokea, nje kabisa ya banda na mbali vya kutosha, ilipandwa miche miwili ya isale. Kila kreti inayokwenda kwenye lori inapita katikati yake. Nilikagua miche hiyo, nikaona haina wadudu, na hata ingekuwa nao umbali ule unatosha. Bibi alinitazama nikipima kwa hatua.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, bibi."

"Na somo lako?"

Nikamwonyesha daftari. Chini ya udongo, nyasi na majani makavu ya migomba, nilikuwa nimeandika: na jani lolote bichi, hata la heri. Akaomba nimsomee tena, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye kigoda chake. Nikaanza kufundisha, naye akafumba macho.