Mbaazi Zinataka Moto, Unga Ule Hautaki

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka miguu yangu bado inataka kuinuka iende isikojua. Ilikuwa asubuhi, hapahapa Mtawanya, nimechuchumaa katikati ya banda la kuku wa nyama. Nimemshika mmoja, nampima uzito kwa kiganja. Mwepesi. Nikamshika mwingine. Mwepesi vilevile. Walikuwa wanakula kama waliolipwa wale, na bado ungewadhania wametoka mayaini juzi. Huko nje mdogo wangu Zuhura alikuwa anafua huku anaimba, kwa kuwa harusi yake ilikuwa inakaribia, na kuku hao hao ndio waliokuwa kitoweo cha walima wake.

Usinitazame hivyo. Mnaniita bibi, lakini huku kwetu mtu huitwa bibi hata meno yake yangali yote kinywani. Enzi ninazokusimulia pikipiki zilikuwepo, simu zilikuwepo, na wajuaji walikuwepo tele, mmoja wao mimi.

Nilikuwa nimerudi kwa baba baada ya ndoa yangu ya Ikwiriri kuvunjika. Mwanamke aliyerudi kwao hatukanwi, mwanangu, lakini huonewa huruma, na huruma ya ndugu nayo inaelemea. Kila nikikaa mahali naona nimemkalia mtu nafasi yake. Basi siku posa ya Zuhura ilipokubaliwa, walikuja wazee wa upande wa bwana harusi kutoka Mbwera, huko visiwani kwenye mikoko. Mmoja wao, mtani mkubwa, akasema barazani, "Siye tumezoea samaki na kamba. Huko kwenu juu mtatulisha nini, mihogo?" Watu wakacheka, na baba akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nikashindwa kunyamaza. Nikasema kwa sauti, "Mtakula kuku mpaka mkose pa kuwaweka, na kuku hao nitawafuga miye."

Ulimi hauna mfupa. Neno likatoka, na wazee wakaitikia kwa kucheka, likawa ahadi ya nyumba nzima.

Vifaranga nilivipata. Taabu ikawa chakula. Chakula cha kiwandani kilikuja Kibiti kwa kusuasua, na soya, ambayo wengine huwachanganyia kuku, huku hatulimi. Lakini mbaazi zilikuwa nyingi, na waliokamua ufuta walikuwa na mashudu hawajui wayapeleke wapi. Nikamuuliza bwana mifugo wetu, kijana mmoja mpole, msemaji wa taratibu mpaka unatamani kumalizia sentensi yake. Akasema inawezekana. Mbaazi na mashudu ya ufuta hufidiana, kinachopungua huku kimo kule. Ila mbaazi mbichi zina kitu kinachomzuia kuku asifaidi alichokula, kwa hiyo zichemshwe, zianikwe zikauke, ndipo zisagwe. Na hata hapo, protini na madini ya vyakula hivi vya mimea yamefungamana ndani kwa ndani, na tumbo la kuku peke yake haliwezi kuyafungua yote. Ndiyo sababu wafugaji huchanganya unga wa vimeng'enya, unaolisaidia tumbo kukisaga chakula. "Muuzaji atakueleza namna ya kuutumia," akasema, "na usipomwelewa, mrudie tena."

Nikaenda Kibiti kwenye duka la pembejeo. Muuzaji akafungua maelezo yake, naye bodaboda wangu huko nje anapiga honi. Nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" kabla hajasema la kuitikiwa. Nilisikia nusu, nikabeba pakiti.

Nyumbani kazi ya kuchemsha mbaazi za kuku aliichukua shangazi Hadija, dada mkubwa wa baba. Hakuna aliyemtuma. Alisema mtoto wa kaka yake haozwi yeye akiwa amekaa mkekani. Shangazi alikuwa mtu wa mitishamba. Mwenye homa alikwenda kwake, mwenye tumbo alikwenda kwake, na wengi waliondoka wakimshukuru. Nikamkabidhi ile pakiti, nikamwambia, "Shangazi, hii ndiyo ya kuwanenepesha. Tia kwenye mbaazi, kidogo kidogo." Halafu nikageuka nikaenda kutafuta maranda ya kutandaza bandani. Sikukaa hata kuona mkono wake unakwenda wapi.

Sasa ndipo nikaanza kuhangaika. Kuku wanakula, kuku hawakui. Maranda yanalowa upesi, harufu inachoma macho, na ukitazama kinyesi unaona chakula kimepita kama kilivyoingia. Nikawa siketi. Asubuhi nimo bandani, mchana nimo bandani, nikiitwa kula nakula nimesimama. Nikamwambia shangazi aongeze unga. Akaongeza, na hali ikabaki ileile. Nikaanza kumshuku muuzaji kwamba kaniuzia feki, nikawa natunga maneno ya kwenda kumwambia. Zuhura akinisemesha namjibu nusu nusu. Akiniuliza kama vitenge vya sare nimevipenda, nasema vizuri, na sijavitazama.

Baba akaniona ninavyowanyanyua wale kuku. Akasimama mlangoni mwa banda akasema, "Mwanangu, kuku hanenepi kwa kushikwa. Njoo uketi."

"Nikiketi watanenepa, baba?"

"Hawatanenepa. Lakini wao watapumzika, na sisi tutapumzika."

Nilikasirika, sikukufichi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nalijua neno hilo tangu mdogo, lakini methali ni kama dawa chungu, kila mtu anaona inamfaa jirani yake.

Hatimaye bwana mifugo akaja. Nilidhani ataingia bandani, yeye akasema, "Nionyesheni kwanza jikoni." Shangazi akampokea kwa furaha, akamfunulia sufuria. Akaeleza jinsi anavyopanga kazi yake: mbaazi huoshwa, hutiwa maji, na ule unga hutiwa palepale maji yangali baridi, vikachemka pamoja mpaka viive. "Nami nafunika vizuri nguvu yake isitoke na mvuke," akasema. "Dawa ya tumbo isiyochemka ni bure, baba. Mizizi yote huchemshwa."

Yule kijana aliinama akaitazama sufuria. Kisha akasema kwa adabu, "Mama, kwa mizizi umesema kweli. Na mbaazi zinataka moto. Lakini unga huu hautaki. Moto unauua. Siku zote hizi kuku wamekula mbaazi na mashudu peke yake."

Hapo mimi nikalipuka. Mbele ya mgeni, jikoni mwa watu wazima, nikamwambia mama aliyenibeba mgongoni, "Shangazi, umeharibu harusi ya mdogo wangu. Vyungu vyako na mizizi yako ndivyo vimetufikisha hapa." Shangazi aliweka mwiko chini, akachukua kanga yake, akaenda zake nyumbani kwake.

Baba alikuwa kwenye baraza, na kila neno alilisikia. Akaniita.

"Muuzaji alimweleza nani?"

"Mimi."

"Nawe dada yangu ulimpa nini?"

"Pakiti."

"Pakiti. Akaifanyia alivyofundishwa na mama yake, kwa mapenzi, bila kutumwa. Na umemwambia jambo la kweli, kwamba moto unaharibu. Lakini umemwambia hali weye mwenyewe unachemka, kwa hiyo ukweli wote umepotea, kabaki na matusi. Nenda ukapoe. Ukishapoa, mfuate."

Kupoa si kazi ndogo, mwanangu. Ningeambiwa nilime ekari ningelima. Nilikwenda nikakaa nyuma ya banda, mikono inatafuta cha kushika. Zuhura akanikuta pale na ndoo yake ya nguo. Nikaona basi, acha nimwambie kabla hajasikia kwa watu. Nikamwambia kuku hawatawahi. Hata tukianza upya leo, watasogea lakini hawatafika. Nimewaahidi watu wa Mbwera kuku, nao watakuta vifaranga, na aibu itamwangukia yeye siku yake kubwa.

Akatua ndoo. Akaniuliza, "Yaani muda wote huu ni kuku?"

"Ni kuku."

"Hulali, huli, hunitazami usoni, ni kuku?"

Nikasema ndiyo. Zuhura akakaa chini kwenye mchanga na nguo zake safi, akaanza kulia. Akasema, "Miye nilijua unaumia kwa kuwa naolewa nawe umeachika. Nilijua kila ukiniona unaona uchungu. Nilishamwambia mama harusi iwe ndogo, na ngoma isiwepo, nisikuumize." Mwanangu, zile nyimbo zake za kufulia, kumbe alikuwa anaimba ili asilie. Mimi natembea huku na huko nikijiona nampigania, naye kwa ukimya wangu amejitungia kisa, na kisa hicho alikuwa anakwenda nacho Mbwera kuishi nacho. Nilimkumbatia, tukalia wote, kuku wanatutazama.

Nikamfuata shangazi siku hiyo hiyo. Sikuzungusha maneno. Nilimwambia, "Shangazi, maelezo nilikuwa nayo mimi, nikakupa pakiti peke yake. Nisamehe." Akaniacha nisimame kitambo, haki yake ile. Kisha akasema, "Hebu nieleze huo unga unatakaje." Nikamweleza neno kwa neno, kama alivyonieleza bwana mifugo kabla hajaondoka, na pale nisipokumbuka tukampigia simu. Mbaazi zichemshwe, zianikwe mpaka zikauke na kupoa kabisa, zisagwe. Unga wa vimeng'enya uchanganywe kwanza na konzi ya unga wa mahindi, halafu na beseni, halafu na chakula chote, ili kila kuku apate sehemu yake. Kipimo ni kile cha kwenye pakiti, maana kuzidisha hakuharakishi kitu. Shangazi akawa mkali wa jambo hilo kuliko bwana mifugo. Ukisogeza pakiti karibu na jiko anakupiga mkono.

Kuku wakaanza kujaa kifua, maranda yakakauka, harufu ikapungua. Lakini siku ya harusi haikungoja, nao walikuwa bado wadogo. Tuliwachinja walivyo. Shangazi akatazama magunia ya mbaazi yaliyobaki, akasema hizi nazo ni chakula cha watu, akazipika kwa nazi sufuria kubwa kubwa. Na ngoma ikawepo, Zuhura alicheza mpaka akavunja bangili.

Yule mzee mtani wa Mbwera akainua kipaja cha kuku kati ya vidole viwili, akauliza, "Ndio wale kuku tulioahidiwa?" Nikafungua mdomo, shangazi akaniwahi. "Kuku wamechelewa, shemeji," akasema, "lakini chakula chao kimewahi. Nawa mikono." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akajaziwa mbaazi, akaomba tena.

Haya, mwanangu, wewe unayeanza kufuga sasa, na nakuona unavyoangalia vifaranga vyako kila ukimeza mate. Chemsha mbaazi zako, ila unga wa vimeng'enya uutie chakula kikiwa kikavu na kimepoa. Usiutegemee ulete kisichokuwemo. Wenyewe hufungua tu kilichomo, kwa hiyo changanya chakula chako vyema kwanza, na usione haya kumrudia muuzaji, kwani kuuliza si ujinga. Hiyo ni ya kuku. Ya watu ni hii: ukimkabidhi mtu kazi, mkabidhi na maelezo yake, hata kama ni mkubwa wako, hata kama honi inalia. Ukiwa na hasira, ngoja. Na ukiwa na wasiwasi, waambie unaoishi nao wasiwasi wako ni wa nini. Usipowaambia watautafutia sababu, na anayekupenda daima huanza kutafuta kosa kwake yeye mwenyewe.

Mola aubariki mkono wako na banda lako, akupe rizki ya halali na utulivu wa kuingoja. Na siku utakapokuwa huna raha, akuketishe karibu na mtu, akufungue mdomo, uanze kusema.