Mazoezi ya Tumbo na Mkeka Ulioota Vidole

Nakumbuka asubuhi moja kijijini Makwale, nikiwa mke kijana, nimeanguka kifudifudi nyuma ya jiko, siwezi kuinuka, na baba mkwe anakuja. Ngoja kwanza, mwanangu, nikueleze nilifikaje pale chini, usije ukadhani nilikuwa nimelewa.

Nilipojifungua mtoto wa pili, mgongo ulinigomea. Huku kwetu kupanda mpunga ni kuinama tangu asubuhi hadi jua la utosi, na mimi mwaka ule niliishia katikati ya jaruba. Wifi yangu Tusekile akasema mbele ya watu, "Kaka ameoa sanamu. Tumsimamishe hapa atutishie ndege!" Watu wakacheka. Mimi ni mtu wa majivuno, sikatai. Neno lile liliniuma kuliko mgongo wenyewe. Nikaapa kwamba msimu ujao jaruba langu nitalimaliza.

Nikaenda zahanati. Nesi, mama mmoja wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, akanibonyezabonyeza, akasema mgongo hauna kosa, tumbo ndilo limelegea na kumwachia mwenzake mzigo wote. Akanifundisha: lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, kaza tumbo, hesabu hadi kumi, pumzika. Mara tatu. "Kidogo tu, dada, lakini kila siku ya Mungu."

Nilifanya siku mbili. Siku ya tatu nikajitazama, tumbo ni lile lile, nikaacha. Miezi ikapita. Mvua zikashuka, miche ikawa tayari, na mama mkwe akatangaza kuwa kesho tunapanda. Ndipo nikaukumbuka ubao! Nikatandika mkeka nyuma ya jiko, nikaamua kumaliza mazoezi ya miezi yote asubuhi ile ile. Shule niliishia darasa la pili, lakini kuhesabu najua: kwenye mara ya thelathini tumbo likajifunga fundo, mikono ikakataa, pua ikapiga mkeka.

Mara nikasikia kikohozi cha baba mkwe.

Wewe wa siku hizi unakula meza moja na mkweo na kumtumia picha kwenye simu. Sisi Wanyakyusa enzi zile, baba mkwe humtazami, husemi naye. Ukimwona njiani unatokomea migombani. Ukikosea, aibu inakwenda hadi kwa mama yako mzazi. Sasa ningekimbiaje, na mwili umegoma? Nikashika ncha ya mkeka, nikajiviringisha nao kama samaki kwenye jani la mgomba. Tatizo mimi ni mrefu.

Mzee akasimama. Na kwa kuwa naye haruhusiwi kusema nami, akamwita mkewe, "Mama Ambakisye! Njoo uone, mkeka wako umeota vidole."

"Vidole gani tena, baba?"

"Vya miguu. Kumi, nimevihesabu. Mimi naenda kwa jirani, ukimaliza kuvivuna uniite."

Mama mkwe akanifungua, akacheka hadi akakaa chini. Nikamweleza yote huku nalia. Akafuta machozi, yake yakiwa ya kicheko, akasema, "Binti yangu, bandu bandu huisha gogo. Wewe umelikumbatia gogo zima, likakulalia."

Kesho yake sikupanda. Nilikaa ukingoni nikilea watoto wa wenzangu, na Tusekile kila akipita ananipungia mkono kama mgeni wa heshima. Lakini mama mkwe alinipa dawa: "Kila asubuhi unateleka maji ya uji. Kabla hayajachemka, lala chini ufanye." Kumi, mara tatu. Nikitaka kuzidisha, ananizuia. Nikitaka kukwepa, anagonga sufuria kwa mwiko.

Msimu uliofuata nilipanda jaruba langu lote, nikanyooka, nikaenda kumsaidia Tusekile, ambaye alikuwa amejishika kiuno.

"Wifi, unakula nini wewe?"

"Uji," nikamjibu.

Basi mwanangu, nakuona na simu yako. Jumatatu unaruka chumbani mpaka bati linatetemeka, Jumatano umejilaza kama gunia. Anza na kitu kidogo mno, hadi uone haya kukitaja. Kifunge na kazi unayoifanya kila siku bila kukumbushwa, iwe kupiga mswaki au kuchemsha chai. Ukikosa siku moja, usijitese kesho kwa kufanya mara mbili. Endelea na kidogo chako. Na tumbo usilipime kwa kioo, maana kioo ni mbea, lipime kwa kazi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami naongeza: na aweze kuinuka.

Kyala, Mungu wetu, akujalie kiuno kisichokusaliti. Uzeeke ukifunga viatu vyako mwenyewe, na wajukuu wako wakufuate shambani wakikuomba, "Bibi, tupumzike kidogo."