Pua ya Roketi

Fundi rangi huyu hachovyi brashi kabla hajavua viatu na kujikunja kwenye kitanda cha mtoto, miguu ikining'inia nje. Mama mwenye nyumba anajizuia kucheka. Amemwita ageuze chumba kiwe anga, maana binti yake wa miaka minne amekataa katakata kulala peke yake. "Nicheke tu, dada. Nyota hazipangwi kwenye ngazi, zinapangwa kwenye mto." Basi anainuka, anatia nukta moja darini, anarudi kulala, anaguna, anapanda tena kuifuta kwa kidole gumba kilichokwisha kuwa cha buluu. Sayari zote zimekaa, imebaki roketi. Hapo anamwita mtoto na kuchuchumaa mbele yake. "Haya, bosi, mama analala upande gani?" Mtoto anaonyesha ukuta wa kushoto. Fundi anafuta mchoro wa penseli alioshinda nao asubuhi nzima, anachora roketi upya, pua ikielekea ukuta ule. "Ukiogopa, wewe fuata pua tu." Mtoto anausogelea ukuta, anaugonga mara mbili. "Kumbe mama yupo hapa tu!" Anachomoka mbio, mama anampisha mlangoni. Punde anarudi akiburuta mto wake kutoka kitandani kwa mama.